Fundi Aliyekataa Vina vya Jirani

Tunayemzika leo ni kaka yetu, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Alisoma shule ya mtaa wa pili, akaishia darasa la nane mwaka 1966, baba alipoanza kupoteza macho.

Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kwanza kupanga herufi, baadaye kusahihisha maandishi. Huko ndiko alikoanza kuwatungia wafiwa beti za kuagia, akapewa jina la Fundi Vina. Alikuwa mkali. Vijana wakimletea mashairi ambayo vina vyake vinakaribiana tu, aliwarudishia. "Hiki si kina, ni jirani wa kina. Jirani humpi kitanda." Wengine waliondoka wakifuta machozi, nami nilimwambia mara nyingi kwamba roho yake ni ngumu.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mshonaji wa mtaa wetu. Alipoulizwa kama anamkubali, alikaa kimya hadi mama mkwe akaanza kutafuta pa kukaa. Kumbe alikuwa akihesabu mizani kwa vidole, atoe jibu lenye urari. Bibi harusi akamkanyaga mguu, naye akasema, "Ndiyo."

Walijaliwa binti mmoja, muuguzi. Tarehe 3 Juni 2009 binti huyo aligongwa na lori akivuka barabara kwenda kazini, akafa. Wifi yangu aliomba kitu kimoja tu: ubeti kwenye jiwe la kaburi. Alikuwa amechoshwa na watu waliomwambia mtoto amelala, mtoto amesafiri. "Mwanangu hakulala," alisema. "Andika kifo."

Kaka alishikilia kwamba neno zito kama hilo hukaa mwisho wa mstari, na hapo linadai vina vya -fo katika mistari yote minne. Akapata mfo, ule mto wa mafuriko, kisha akakwama. Vifo alilikataa, alisema ni kifo kilekile kimevaa koti. Nikamwambia aweke malipo, aweke hayupo. "Mdogo wangu," akanijibu, "mtoto wangu nimzike na jirani?" Jiwe likabaki tupu kwa mchonga mawe, na kaka hakumtungia mtu mwingine tena. Wifi alikuwa akienda kulifuta vumbi. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, maneno yakaanza kumponyoka. Akitaka shuka alisema shoka, akitaka kijiko alisema kibiriti. Wifi alimletea alichotaka bila kuuliza. Jumapili moja alimkalisha kitini, akamwambia, "Baba, unaona ninavyokuelewa? Na jiwe lingeeleweka, hata kwa kina cha jirani." Kaka alilia. Alijitahidi kutunga mchana kutwa, na neno halikuja, la kweli wala la jirani. Alifariki hospitalini tarehe 22 Februari 2023, baada ya kiharusi cha pili.

Ameacha mjane, mimi mdogo wake, na kitindamimba wetu, fundi bomba. Mkigeuza ratiba hii ya mazishi mtaona ukurasa wa shairi hauna kitu. Tulijaribu; aliyekuwa akitutungia ndiye aliye kwenye jeneza. Tunamlaza kando ya binti yake, na jiwe lao litaandikwa majina mawili tu, kwa amri ya mjane, ambaye amechoka kungoja. Pumzika, kaka, kwa amani uliyoikosa.