Viti vinne vya Musyé Symphorien

Mwaka wa 1956 mtaa wa Katuba ulikuwa bado mpya, na nyumba zake zilinuka chokaa na madeni. Kwenye kona ya njia iendayo sokoni, mtu alitupa taruma la reli, mbao nzito yenye mafuta meusi, na Mama Mwaba akaweka mbabula yake ya makaa pembeni akaanza kuuza kahawa. Wateja tulikuja na hatukuondoka tena, mimi nikiwa mmoja wao. Adalbert walimwita Avoka, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kusimama mahakamani mara moja, yeye mwenyewe akiwa mshtakiwa kwa kupika lutuku, pombe ya kificho, na akatoka na maneno matatu ya sheria ambayo hajayamaliza mpaka leo. Kasonde walimwita Kapita. Alisimamia watu mgodini mpaka mgongo ukakataa, na sasa alisimamia mtaa mzima bila mshahara. Godefroid, mchuuzi wa samaki wakavu, alikuwa Radio. Habari zake zote alizitoa Kasumbalesa, mpakani, ambako inaonekana watu hawana kazi ila kumngojea Godefroid wamwambie siri za serikali.

Jumamosi ile alikuja Symphorien, karani wa reli, mwenye nyumba ya mkopo ng'ambo ya njia: milango ya rangi ya kijani, mapazia ya kitambaa kizito, na viti vinne vya velours, kitambaa cha mahameli, ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia. Symphorien alikuwa ameomba kalata ya mérite, cheti cha Mwafrika aliyestaarabika, na wazungu wa tume walipaswa kuja siku yoyote kutazama kama anaishi kizungu. Ili wakute usafi, alifunga nyumba yote kwa ufunguo. Yeye, mkewe Delphine na watoto sita walilala jikoni, uani.

Alitandaza leso juu ya taruma, akakaa.

— Lundi, kesho kutwa, alisema. Kama sileti mukopo ya miezi mbili kwa mara moja, lundi ofisi ya mikopo inakamata nyumba, inapatia muntu mwingine.

— Na mushahara? aliuliza Kapita. Si ilitoka jana?

— Ilitoka jana, ikaisha jana. Mwenye duka aliningojea ku mulango ya kazi. Deni ya bale fauteuils, bile biti bine.

— Lakini Musyé, weye uko muntu ya masomo. Hauna budget?

Symphorien aliinua kidevu.

— Niko na budget. Fasi ya kwanza: représentation.

— Njo nini?

— Rideaux ya madirisha, fauteuils, kiwi ya biatu. Heshima, quoi.

— Na chakula? aliuliza Mama Mwaba.

— Chakula iko mu "divers".

— Divers njo nini tena?

— Bintu bidogo-bidogo, mama. Bya kuongezea.

— Batoto sita njo bintu bidogo-bidogo!

— Usimukatize, mama, alisema Avoka. Muntu anakopa nyumba, hakopi mutoto.

Mama Mwaba alichochea makaa kama mtu anayemchokoa nyoka.

— Na likilimba, mchango ya banamuke? Mwezi iliopita ilikuwa zamu ya Delphine. Banamuke kumi tulimupatia franga mu mukono, miye niko mule ndani. Alisema: hii njo ya nyumba, musiniombe hata ya chumvi. Ilienda wapi?

Symphorien alipuliza kahawa ambayo ilikuwa imepoa zamani.

— Rideaux, alisema.

Avoka akakohoa, kikohozi cha mtu anayefungua kesi.

— Bon. Shauri yako iko nyepesi. Usilipe.

— Namna gani nisilipe?

— Wahenga balisema: haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ya nani? Ya ofisi! Unapeleka kidogo kila mwezi, kibaba yao inajaa, ya kwako inabaki wazi. Weye acha. Deni ikifika mwaka bila kuguswa, sheria inaiita "prescription". Inakufa yenyewe.

— Balisema dawa ya deni ni kulipa, alisema Mama Mwaba.

— Eh, dawa! Na dawa banakunywa kama banagonjwa tu. Symphorien unamuona eko mugonjwa?

Kapita alimsukuma kwa kiwiko.

— Toka na prescription yako, ilikupeleka mu buloko ya polisi. Musyé, sikiliza muntu aliongoza bantu. Franga inatoka fasi gani mu nyumba? Mu munywa. Minywa munane ya kula! Chukua batoto, ubagawe. Mmoja kwa mujomba, mmoja kwa shangazi, babili kwa bamon père, bapadri, saa ya katekisimu, mule banapatiaka mukate. Juma ingine unababadilisha, bandugu basichoke. Likilimba ya batoto!

— Na Delphine? aliuliza Symphorien.

— Delphine arudi ku mugini, kwa bazazi bake, mpaka mvua inyeshe. Bibi akiwa mbali, bukari, ile ugali, inapungua mu sahani.

— Na weye mwenyewe utapika? aliuliza Mama Mwaba.

— Miye sina deni, mama. Tunasema ya Symphorien.

Symphorien alikuwa anasikiliza kwa makini, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko ushauri wenyewe. Mtu anayezama haulizi kamba imetengenezwa na nani.

Radio alikuwa anangoja wenzake wamalize upuuzi wao. Aliweka kikombe chini.

— Banyinyi munafikiri kidogo. Ku Kasumbalesa, muzungu mmoja wa barrière ya mupaka alinisemea hivi: muntu haendi ku benki ya franga, anaenda ku benki ya machozi. Kilio, matanga, bandugu! Symphorien anafanya kilio. Kesho dimanche, bantu beko na nafasi. Kila muntu anakuya na kitu mu mukono. Lundi asubui unapeleka yote ku ofisi.

— Kilio ya nani? aliuliza Symphorien. Hakuna muntu alikufa.

— Baba yako mukubwa, ule wa Kongolo.

— Alikufa mwaka wa 49!

— Sasa alikufa, ao hakufa? Uongo iko wapi?

— Tulimulilia, Radio. Siku tatu.

— Hamukumulilia vizuri. Mi nilikuwa pale, pombe iliisha mapema. Mufu kama ule anarudi mu ndoto, anadai. Ni heshima yake, Musyé. Représentation!

Neno lile lilimgusa Symphorien. Aliangalia nyumba yake ng'ambo, akapima kwa macho ua utachukua waombolezaji wangapi bila kukanyaga ngazi.

— Mais enfin, alisema taratibu, batalia inje tu. Mu salon hapana.

— Mu salon hapana! walikubali wote.

— Na batakula nini? aliuliza Mama Mwaba. Kilio bila bukari mulionaka wapi? Muntu analeta franga tano, anakula ya kumi, analala siku tatu, anarudi na mafuta yenu. Munataka kulipa nyumba ao kuichoma?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Avoka kwa uzito, na hakuna aliyeweza kueleza mgeni gani wala mwenyeji gani, hata yeye.

Walikuwa bado wanagombania nani atalia kwa sauti zaidi, mtu alipokuja kutoka upande wa gare ya reli, gunia begani. Mkewe alibaki kivulini na mtoto mgongoni.

— Mwapoleni, batata, alitusalimu kama baba zake. Yambo, mama. Jina yangu Kunda, niko masoni, nilipata kazi ya kujenga hapa. Tunatafuta chumba. Minaweza kulipa miezi mbele.

Macho ya wale watatu yalimgeukia Symphorien, yakarudi haraka kwenye vikombe. Kunda alinyosha kidole ng'ambo.

— Ile nyumba ya rideaux. Tulipita pale, kila kitu ilifungwa. Nani anaikala mule?

Makaa yalipasuka. Avoka alitafuta katika maneno yake matatu, hakupata hata moja.

— Mwenyewe... alisema Symphorien. Mwenyewe anasafiri.

— Ah. Na bale batoto mu jikoni, na mama yao, njo ba boyi bake ba kazi ya nyumba?

Kapita, aliyewapigia kelele watu ishirini chini ya ardhi, aligundua kamba ya kiatu chake imelegea. Radio hakuwa na habari yoyote kutoka Kasumbalesa.

— Uende, umuulize ule mama, alisema Mama Mwaba. Eko na munywa.

Kunda akaacha gunia lake kwenye taruma, akavuka na mkewe. Kutoka kwenye kona tulimwona Delphine akitoka jikoni, akifuta mikono kwa kitambaa. Alisikiliza. Aliuliza kitu, Kunda akajibu kwa vidole viwili. Delphine hakutazama upande wetu hata kidogo. Alishika mlango wa kijani kwa mikono miwili, akausukuma kwa bega mara moja, mara mbili, na ukakubali kufunguka.

— Ofisi haiwezi kukubali vile, alinong'ona Avoka. Kisheria...

— Nyamaza, alisema Kapita.

Kunda alirudi peke yake kuchukua gunia, uso unang'aa.

— Aksanti sana, batata. Mwenyewe hakusafiri. Nilimukuta.

— Njo nani? aliuliza Radio, ambaye hakujua wakati wa kufunga mdomo.

— Ule mama. Alisema nyumba ni yake. Nilimupatia miezi mbili mu mukono, na lundi asubui anazipeleka ye mwenyewe ku ofisi. Mama wa akili! Alisema chumba ya mbele ni yetu, ya nyuma atalala na batoto bake.

Akatupa gunia begani. Alikuwa kijana wa adabu, na adabu haitaki kuondoka bila kumwuliza jirani hali yake. Alimgeukia Symphorien, aliyekuwa amekaa wima juu ya leso yake.

— Na weye, tata, alisema, unaikala upande gani?