Bibi wa Kofia Nyeupe

Jumamosi ile Aisilandi nzima iliulizwa kama sisi wananchi tulipe madeni ya benki iliyoanguka. Ndani ya basi, mbele yangu, alikaa bibi mmoja amevaa vazi letu la kitaifa, na kofia yake nyeupe ndefu iligusa dari.

"Unakwenda harusini, bibi?" aliuliza kijana wa pembeni, mwenye tai.

"Nakwenda kusema hapana."

Kijana akacheka. "Unajisumbua. Serikali imesharudi mezani kujadiliana na wadai wa nje. Kura hii haina kazi."

"Nimeulizwa, najibu. Hebu niambie, aliyekopa nani?"

"Wenye benki."

"Wako wapi?"

"London," alisema kijana, sauti imepungua.

"Wao wanakula kambakoche huko, mimi mla samaki mkavu ndiye nilipe?"

"Dunia itatununia, bibi."

"Inune. Sisi tunaishi na volkano."

Nikajifanya natazama nje, ingawa dirisha lilikuwa limeganda barafu tupu.

"Hata mkishinda, tajiri atabaki tajiri," kijana akang'ang'ania.

"Abaki na mali yake. Na madeni yake abaki nayo."

Basi likasimama penye shule ya kupigia kura. Abiria karibu wote tukainuka, na nje foleni ilikuwa imefika barabarani. Kijana akatangulia kushuka, akamnyooshea bibi mkono, maana barafu ilikuwa inateleza.

Bibi akaushika barabara. "Mkono nipe, mwanangu," alisema. "Kura niachie."