Bi Kifungu na Kisanduku cha Arobaini na Mbili

Ijumaa ya tarehe kumi na nne mwezi huu, saa kumi jioni, Ofisa Mikataba wetu atafunga kabati lake la chuma kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Wakati wake halisi wa kustaafu ulikuwa mwishoni mwa mwaka. Anaondoka miezi saba kabla, na sababu yake kila mtu katika jengo hili anaijua, au anadhani anaijua.

Uongozi umeniomba mimi, mtu wa kompyuta, niandike ukurasa wa kumuaga kwa ajili ya ratiba ya sherehe, kwa kuwa tulifanya kazi pamoja kwa karibu. Nimepewa pia mwongozo: miaka ya kazi, vituko viwili vitatu, mafanikio, shukrani. Uchangamshe watu, nimeambiwa. Nitajitahidi kwa kadiri nitakavyoweza.

Alianza kazi hapa akiwa mpiga chapa, enzi ambazo kampuni iliuza jenereta za aina tatu tu na orodha ya bei ilienea kwenye karatasi moja. Baada ya miaka minne akakabidhiwa mikataba ya mauzo na chumba cha ghorofa ya pili kando ya ngazi, chenye dirisha linalotazama ukuta wa nyuma wa ghala. Kabati lake halifunguki bila kupigwa goti. Penseli yake imefungwa kwa uzi kwenye mpini wa droo, kwa sababu wauzaji wetu, ambao ni watu waaminifu katika kila jambo jingine, hawajawahi kurudisha penseli ya mtu.

Jina la Bi Kifungu alilipata kwa sababu ya simu. Kabla mteja hajatia sahihi, alimpigia na kumsomea mkataba wote, kifungu kwa kifungu, na baada ya kila kifungu akamuuliza kama ameelewa. Mlango wa chumba chake haukuwa ukifungwa, kwa hiyo ghorofa nzima ilijifunza sheria bila kupenda. Mama wa chai aliwahi kumsimamisha muuzaji mmoja koridoni, birika mkononi, akamwambia anachomuahidi mteja hakimo kwenye kifungu cha tisa. Muuzaji akabisha. Mkataba ukaletwa, ukasomwa, na mama wa chai akaendelea na safari yake ya vikombe.

Muuzaji huyo ndiye tunayemwita Kesho, na kwa miaka kumi na tano Bi Kifungu na Kesho walivutana kama ndugu wa tumbo moja. Kesho alileta maombi ya mikataba saa kumi kasorobo, akisema mteja yupo chini anasubiri. Bi Kifungu alimjibu kwamba mteja akikaa kwenye kiti cha mapokezi hafi, ila akitia sahihi asichokijua anaweza kufa. Tulikuwa tukicheka.

Kifungu cha tisa ndicho kinachosema fundi atafika baada ya muda gani mtambo wa mteja ukiharibika. Kiolezo cha kampuni kinasema saa sabini na mbili, siku za kazi. Bi Kifungu hakukikubali kiolezo hicho kama kilivyo. Alimuuliza kila mteja swali moja: umeme ukikatika kwako, kinazimika nini? Jibu aliliandika kwa penseli ndani ya jalada la faili, kisha akaandika kifungu kulingana na jibu hilo. Faili zake zimejaa maandishi hayo. Ngazi ni nyembamba, mtambo ubebwe vipande. Mteja haoni vizuri, herufi ziwe kubwa. Vifaranga elfu mbili, fundi siku hiyohiyo.

Miaka tisa iliyopita alimuuliza swali hilo mwalimu mstaafu anayeishi ghorofa ya nne, aliyenunua betri zetu za akiba. Mwalimu akajibu kwamba inazimika mashine anayopumulia mke wake. Bi Kifungu akauliza kama wana mtungi wa oksijeni wa dharura. Upo, mmoja. Unadumu muda gani? Saa saba. Akaandika kwa penseli: "Mgonjwa wa mashine. Mtungi saa saba. Fundi ndani ya saa sita, hata sikukuu." Kila mwaka mkataba ulipohuishwa, alimpigia Mwalimu, akamsomea, na kila mwaka kifungu cha tisa kilisema saa sita. Mara mbili mtambo uligoma, na mara zote mbili fundi alifika muda ukiwa bado upo.

Sasa nifike kwenye mafanikio, maana yamo kwenye mwongozo wangu.

Mwaka juzi kampuni iliamua kuunganisha daftari la wateja lililomo kwenye kompyuta na programu ya kuandika mikataba. Kazi hiyo nilipewa mimi. Muuzaji akijaza taarifa za mteja, mkataba unajiandika wenyewe: jina, anwani, aina ya mtambo, bei, muda wa huduma. Simu za matengenezo nazo zikaunganishwa humohumo, ili foleni ya mafundi ifuate mkataba wa kila mteja. Kazi iliyokuwa ikichukua siku tatu ikawa ya dakika nne. Siku ya uzinduzi kulikuwa na keki, na Mkurugenzi alinishika bega mbele ya watu.

Ili kuamua visanduku ambavyo muuzaji atavijaza kwenye skrini, nilikaa na Bi Kifungu miezi miwili. Tulivipanga arobaini na moja, kila kimoja na nafasi yake kwenye mkataba. Kulikuwa na cha arobaini na mbili, "Maelezo mengine", ambacho yeye alikitaka kwa ajili ya penseli yake. Nikakitoa. Nilimweleza kwamba programu haijui la kufanya na maneno yasiyo na mpangilio, na kwamba tutakirudisha katika awamu ya pili. Akasema, "Sawa, mwanangu, lakini watu wangu wako humo." Siku ya pili yake akaniandikia barua ya ukurasa mmoja kulisema jambo hilo tena, akiorodhesha faili thelathini kwa namba. Barua hiyo ninayo. Niliitia kwenye jalada, na katika taarifa yangu kwa uongozi nikaandika kwamba hakuna taarifa muhimu itakayopotea. Awamu ya pili haikuja, na mimi sikuidai.

Sheria inataka mkataba utiwe sahihi na mtu, kwa hiyo Bi Kifungu alibakizwa kwa ajili ya sahihi. Kila asubuhi mikataba sitini ilimsubiri kwenye skrini. Aliendelea kuisoma, kuwapigia wateja na kukirekebisha kifungu cha tisa, hadi mwishoni mwa mwaka jana alipopewa waraka wa kumtaka aache, kwa sababu alikuwa anaharibu wastani wa dakika nne. Waraka huo pia ninao, kwa kuwa takwimu za wastani nilizitoa mimi.

Mkataba wa Mwalimu ulihuishwa mwezi wa pili mwaka huu. Kisanduku cha aina ya mteja kilisema "nyumbani", na programu ikaandika kinachoandikwa kwa watu wa nyumbani: saa sabini na mbili, siku za kazi. Mwalimu alitia sahihi bila kusoma. Kwa miaka minane alikuwa amesomewa, na safari hii Kesho alimwambia ni uleule wa kila mwaka. Kesho mwenyewe aliamini hivyo.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu umeme ulikatika mtaani kwao saa mbili asubuhi, na betri zetu hazikuwaka. Mwalimu akamfungulia mkewe mtungi, akatupigia simu. Dada wa huduma kwa wateja alisoma kilichokuwa kwenye skrini yake, akamjibu kwamba fundi atafika ndani ya muda wa mkataba. Mwalimu akashukuru, akaketi kando ya kitanda kumsubiri, kwa sababu muda wa mkataba alikuwa anaujua. Saa sita mchana alipiga tena, akajibiwa vilevile. Saa nane, muda ambao fundi hakuwahi kuuvuka, akapiga mara ya tatu. Saa nane na nusu akaacha kupiga, akatafuta gari na majirani wawili wa kumsaidia kubeba, maana lifti nayo ilikuwa imezimika. Mtungi uliisha wakiwa ngazini. Mke wake alifariki kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza.

Fundi kwenye foleni yetu alikuwa amepangiwa kufika Jumatatu.

Kamati iliundwa, na mimi nilikuwa mjumbe wake, mtaalamu wa mfumo. Bi Kifungu aliulizwa kama sahihi ni yake. Ni yangu, alisema. Aliusoma mkataba? Sikuusoma. Nilisubiri autaje waraka, aitaje barua yake, anitaje mimi niliyekaa mbele yake nikiwa na kalamu mkononi. Hakutaja chochote. Na mimi nikanyamaza. Ripoti imeandika uzembe wa mtia sahihi, na kwa heshima ya utumishi wake wa muda mrefu akaruhusiwa kustaafu mapema.

Siku iliyofuata nilimfuata chumbani kwake kumuuliza kwa nini alininyamazia. Alikuwa akipanga faili sakafuni. Alisema, "Ningekutaja wangekufukuza, na mfumo ungebaki vilevile. Hicho kisanduku angekirudisha nani? Vuta kiti, tuanze na herufi A."

Tukaanza. Kwa wiki sita alinisomea penseli yake yote, faili elfu moja mia moja na arobaini, na mimi nikaandika. Hakunilaumu, wala hakunifariji. Mama wa chai alituletea vikombe viwili kila saa nne, akaondoka bila utani wowote. Mwandiko ulipofifia, Bi Kifungu aliinua simu, akampigia mteja, akamuuliza upya kinazimika nini.

Katikati ya wiki ya tatu hakuja kazini siku moja. Nilijua baadaye kwamba alikwenda kwa Mwalimu, akapanda zile ngazi hadi ghorofa ya nne na mkataba mkononi. Hakwenda kuomba msamaha, ingawa aliuomba. Alikwenda kumsomea, kwa sababu mkataba ule Mwalimu hakuwahi kuusikia. Alimsomea kuanzia kifungu cha kwanza, na alipofika cha tisa Mwalimu akamwomba akirudie. Akakirudia. Kisha Mwalimu akamsindikiza hadi chini, ngazi zote. Walichosema njiani hakuniambia, nami sistahili kukijua.

Kisanduku cha arobaini na mbili kimeanza kufanya kazi Jumanne iliyopita. Muuzaji asipokijaza, mkataba hautoki, na kifungu cha tisa hakiandikwi mpaka mtu wa ofisi ya mikataba ampigie mteja na kuthibitisha. Wastani wetu umepanda tena hadi siku mbili. Sababu ya Bi Kifungu ya kuninyamazia imekwisha, na yangu ya kunyamaza haikuwahi kuwa na maana. Basi liandikwe mahali ambapo kila mfanyakazi atalisoma: kisanduku nilikitoa mimi, nikiwa nimeonywa mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja kwa maandishi. Barua yake na ule waraka nimeviambatisha nyuma ya ratiba hii. Nimeipeleka mwenyewe kwa mpiga chapa.

Bi Kifungu, mama yetu wa ghorofa ya pili, tunakushukuru kwa miaka ishirini na tisa ya kuwauliza watu jambo ambalo sisi wengine hatukuwa na nafasi nalo. Tunakushukuru kwa ukali wako, kwa penseli yako, na kwa sauti iliyotufundisha sote kifungu cha tisa. Nenda ukapumzike. Uamke saa unayotaka, unywe chai yako ikiwa bado ya moto, na simu ikilia iwe ya wajukuu. Uondoke na jina lako likiwa safi kama ulivyokuja nalo.

Sahihi iliyo chini ya ukurasa huu ni yangu, na nimeusoma wote.