Nyumba ya Mwisho Kwenye Rangi Nyekundu

Wakubwa zangu wa kikundi, shikamooni. Wadogo, hamjambo. Leo mnaniona nacheka nanyi hapa, lakini nimetoka mbali.

Ile ramani ya moto ilipobandikwa ofisi ya kijiji, nyumba yangu ilikuwa kwenye rangi nyekundu. Wazee wetu wenyewe ndio waliowaonyesha wataalamu wa wilaya moto unakopita kila kiangazi, kuanzia mpakani na hifadhi ya Mikumi hadi kwetu kilimani. Mkutano ukapitisha: kule juu kusijengwe tena, na waliopo wapewe viwanja huku chini, karibu na kisima.

Majirani wakahama mmoja mmoja. Mimi nikagoma. Mume wangu amezikwa pale, ubavuni mwa nyumba. Nimwache na nani? Mwenyekiti alipanda kilima mara nyingi kunibembeleza. Nampa uji, anakunywa, namwambia ramani yenu haijui kaburi.

Ndugu zangu, nawaambia, upweke usikieni kwa wenzenu tu. Zamani hakukucha bila jirani kuja na kigae kuomba kaa la moto. Walipohama, nilikuwa nawasha jiko alfajiri, naangalia njia. Haji mtu. Nikawa naongea na kuku. Msicheke, kuku anasikiliza kuliko baadhi yenu.

Kiangazi kikafika. Mchana mmoja wa upepo, mtu huko bondeni alikuwa anachoma shamba, moto ukamshinda. Nikauona unapanda. Nikapiga yowe. Mnajua kwetu, yowe likipigwa, hata mliyenuniana naye anakuja na tawi bichi mkononi. Nikapiga tena, nikanyamaza nisikilize. Kimya. Nyasi tu zinapasuka. Hapo ndipo nilipojua sina jirani, nikalia kama mtoto.

Nikawafungulia kuku, nikakimbilia kaburini, maana pale nilikuwa nafagia kila siku, hapakuwa na jani. Nikajilaza, nikajifunika khanga. Nyumba ikaungua naiona.

Nyinyi mlipouona moshi mlipanda mbio, mkanikuta pale pale. Hakuna aliyesema tulikuonya. Mwenyekiti alichuchumaa akaniambia, "Mama, twende nyumbani."

Asanteni mliofyatua tofali, mkaezeka. Asanteni vijana mnaofyeka kulizunguka kaburi lile kabla nyasi hazijakauka. Nanyi mnaopigia hesabu viwanja vya kule juu kwa kuwa ni vikubwa, nawasihi, msijenge mahali ambapo yowe lenu halimfikii mtu.

Nimalizie, nisije nikalia tena. Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya nilisikia hodi. Nikafungua, jirani mmoja amesimama na kigae mkononi.

"Dada, naomba moto."

Nikampa kaa, nikamsindikiza tukipiga soga. Tulipofika kwake, nikaona jiko lake linawaka, na chai inachemka juu yake.