Ameachiwa, Bado Hajasafishwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mpimaji Mkuu wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaonyesha watu mwisho wa viwanja vyao.

Alianza kama mshika kamba. Tulimbatiza Bwana Kigingi, kwa sababu akishasimama pahali haondoki mpaka apime mara ya pili. Kwenye harusi ya karani wetu aliwainua wageni wote ili hema lisogezwe, kisa nguzo moja imeingia kwa jirani. Bibi harusi hajamsamehe hadi leo. Ramani za shule na zahanati nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake.

Mwaka jana madiwani kadhaa walimshtaki mbele ya Baraza, ambalo ndilo pekee lenye uwezo wa kumwondoa Mpimaji Mkuu. Walidai alisogeza mpaka wa uwanja wa hospitali ili kumnufaisha shemeji yake. Zilihitajika theluthi mbili za kura, hazikufika. Tulimbeba juujuu hadi ofisini tukiimba kwamba amesafishwa.

Yeye hakuimba. Alitueleza, soda ikiwa mkononi, kwamba ameachiwa tu: waliotaka aondoke hawakutosha, na wengi waliombakiza walipigia kura chama chao. Kusafishwa, alisema, ni mpaka uchunguzi uonyeshe kwamba kosa halikuwepo. Wiki iliyofuata akaomba wapimaji kutoka nje waupime upya uwanja ule.

Mkewe alimjia juu mbele yetu.

"Baba watoto, umeshaponea. Wakikuta ulikosea je?"

"Basi hospitali irudishiwe ardhi yake."

Tangu hapo halali vizuri, wala sisi hatulali. Uwanja ule aliupima kwenye mvua, kwa chombo kibovu, na amekiri kwamba hawezi kuapa kuwa hakukosea. Majibu yanatoka wiki ijayo. Tulimsihi tuahirishe sherehe ya kumuaga, ili tule na kucheka bila roho juu. Akakataa katakata.

"Nataka kuwaona wanaokuja kabla hawajajua."

Basi ni Ijumaa, saa nane mchana, chumba cha ramani. Asante, Bwana Kigingi, kwa kutufundisha kurudia kupima. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na usingizi. Majibu hatuyajui. Viti tumeshapanga, na tunakuja.