Viatu vya Mtihani

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha fundi viatu, na mimi ndiye ninayewamiminia kahawa yeye, Dobi na Kinyozi. Siku hiyo Fundi alikuwa amevimba kichwa hatari. Mkewe, Mama Pacha, mfagizi wa shule, saa nane alikuwa na mtihani wa Kiingereza wa watu wazima. Akifaulu, anahamia maktaba. Wiki nzima alikuwa akikariri viunganishi tegemezi: because, unless, although. Viatu vyake vya kuendea mtihani vilikuwa kwa Fundi, kimoja kimebanduka soli.

— Kiunganishi tegemezi mnakijua? Fundi akatuuliza, sindano hewani. Mke wangu kanifundisha. Tazameni soli hii. Peke yake inatembea? Haitembei! Mpaka ishonwe kwenye kiatu. Na maneno yakianza na because, yaani kwa sababu, peke yake hayaendi.

— Mi naona ni baridi tu, akasema Dobi. Kwao Uingereza sentensi ikilala peke yake inaganda. Umoja ni nguvu!

— Wapi! Kinyozi akadakia. Hiyo mitego ya mawakili. Wanachomeka unless, yaani isipokuwa, kwenye mkataba, nyumba yako imekwenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo imeingiaje hapo? Dobi akauliza.

— Imeingia kwa mlango. Kunywa kahawa.

Nikawachokoza:

— Haya, atakayenipa mfano wa although, kikombe bure.

Wakakuna vichwa. Fundi akaweka sindano chini kabisa, apate kufikiri vizuri.

Mara Mama Pacha huyo, gauni limepigwa pasi, chini kandambili za bafuni.

— Baba Pacha, viatu vyangu viko wapi?

Soli ilikuwa bado juu ya goti la Fundi.

— Mke wangu, nilikuwa nawaelewesha hawa...

Saa nane kasoro robo. Fundi akavua viatu vyake mwenyewe, akapiga magoti, akamvisha mkewe na kumfunga kamba. Vilimpwaya, lakini mama akanyoosha mgongo.

— Ingawa mume wangu ana mdomo, mtihani nitafaulu.

Akaondoka, viatu vikilia kwa-kwa-kwa.

— Mmesikia? Fundi akaruka. Ingawa! Ndiyo although yenyewe hiyo! Mke wangu huyo!

Nikamimina kikombe cha bure. Dobi akanyoosha mkono, Fundi akamchapa.

— Acha. Cha mwenyewe hicho, akirudi atakinywa.

Akasimama peku barabarani, kidevu juu, mpaka mkewe alipokata kona. Hakuna aliyemcheka.