Mihogo ya Ofisi

Basi la Bagamoyo lilipoacha Tegeta, Mtoro alijifanya amesinzia, maana maneno ya kiti cha mbele yalikuwa yamekolea. Bi Tabia, mkulima wa Kerege, alikuwa akimsimulia karani aliyekaa naye matembezi yake ya Jumapili mjini. Bustani alizipenda, ila kumwagilia kutwa ua lisiloliwa aliona ni kufuru. "Kisha nikaenda kuona lile shamba la ofisi, kule nyuma ya bustani."

"Letu hilo!" Karani akatunisha kifua. Mtoro akafumbua jicho moja.

"Mihogo mmeipanda kichwa chini, mwanangu. Macho ya pingili yanatazama ardhini."

"Bibi, tumefuata kitabu. Itajigeuza yenyewe."

"Mimi si mkulima tu, ni mkunga pia. Mtoto akitanguliza miguu, hageuki kwa kusomewa kitabu."

Karani akasema wao wana bwana shamba. Bi Tabia akataka kujua kama huyo bwana naye hulala miguu juu. Mtoro akakohoa ili asicheke.

Basi likasimama Kerege. Bi Tabia akashuka na kikapu chake. "Mstari mmoja nimewageuzia," akasema.

Karani akatoa kichwa dirishani. "Upi, Bibi?"

"Mtauona ukichipua."